Je, wajua kwa nini vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi hukakamaa asubuhi na kulegea saa nne?

Uliza mtaani kwa nini mgonjwa wa baridi yabisi huamka hawezi kufumba ngumi, utajibiwa haraka: ni baridi ya alfajiri. Amefua usiku, au amelala feni ikimpuliza. Jibu hilo linaaminika kwa sababu akitumbukiza mikono kwenye beseni la maji moto, vidole hulegea kweli. Lakini kinachotuliza maumivu hakituambii kilichoyaleta. Mombasa na Dar es Salaam, ambako usiku wa Februari mtu hulala akitokwa jasho, wagonjwa huamka na mikono migumu vilevile. Wapo wanaosema hali ya hewa ikibadilika maumivu huzidi, na tafiti kuhusu hilo zinapingana.

Wengine husema ni uzee. Ugonjwa unaozungumziwa hapa, baridi yabisi ya rumatoidi, mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60, na huwapata zaidi wanawake. Gegedu, ule mto laini ulio kwenye ncha za mifupa, linapolika kwa umri, viungo pia hukaza asubuhi, ila kwa kawaida haipiti nusu saa. Kwa rumatoidi inaweza kuwa saa nzima, mbili, hata zaidi.

Chanzo ni kinga ya mwili kushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, maji hujaa. Na kinga hiyo hufuata saa, kama walinzi wa zamu ya usiku. Giza likiingia huanza doria, na usiku unavyosonga huitana kwa firimbi. Firimbi hizo ni kemikali. Mojawapo, interlukini-6, kwa wagonjwa hawa hufikia kilele mapema asubuhi. Alfajiri huingia msimamizi wa kuwatuliza: kotisoli, homoni inayopanda mwilini kabla hatujaamka. Kwa mgonjwa naye huja, ila anakuta walinzi ni wengi mno na wamegeukia nyumba waliyopaswa kuilinda. Itapita sehemu kubwa ya asubuhi kabla hawajatulia. Isitoshe, aliyelala hajajongea, kwa hiyo maji yamekaa palepale kiungoni. Ndiyo maana kuchezesha vidole polepole husaidia.

Hoja hii ya saa imepimwa. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 288 wa Ujerumani na Poland. Baadhi walimeza prednisoni, dawa inayotuliza kinga kama kotisoli, asubuhi kama kawaida. Wengine walimeza wakati wa kulala kidonge kilichotengenezwa kifunguke tumboni mnamo saa nane usiku. Dawa ni ileile. Baada ya wiki 12, muda wa kukakamaa ulipungua kwa takriban asilimia 23 kwa waliomeza usiku, na kwa waliomeza asubuhi haukubadilika karibu hata kidogo. Kubadili saa tu kulileta tofauti hiyo yote!

Sasa fikiria kazi zetu zinavyoanza. Mama wa maandazi anakanda unga saa kumi na moja, mkamuaji ana chuchu za ng'ombe mkononi kabla ya jua. Karani anafika saa mbili, vifungo vya shati amefungiwa na mwanawe, na kalamu inamteleza. Ikifika saa nne anaandika kama wenzake, na bosi aliyemwona nyakati zote mbili anaamini alikuwa anategea. Dhana hiyo huwaumiza watu bure.

Hospitalini, taja dakika: tangu kuamka hadi ngumi kufumba. Zikipita saa moja, na viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba kwa wiki kadhaa, omba upimwe mapema, kwani methotreksati, dawa ya ugonjwa huu inayomezwa mara moja kwa wiki, hupunguza uharibifu wa mifupa ingawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Prednisoni usijinunulie dukani. Na kazini, mwalimu anaweza kubadilishana kipindi cha kwanza na mwenzake, karani akaanza na simu na kuacha maandishi hadi saa nne.