Tairi pana la nyuma kwenye kruza: mnayoniambia gerejini na ukweli wake

Wiki iliyopita ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Kijana kaingia gerejini na Drag Star 400, kruza ya Yamaha, yaani pikipiki ndefu ya kukaa chini, safi, haina hata miezi miwili tangu itoke Japani, na kabla hajavua helmeti akaniambia: "Fundi, nitafutie tairi la 200 la nyuma, hili linateleza." Anamaanisha upana wa milimita 200; lake lilikuwa la 170. Nikamuuliza linateleza wapi. Akasema kona za mlima Kitonga, alipokwenda Iringa. Nikainama kusoma ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT zilikuwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Kashata, ile miraba ya mpira usoni, bado ndefu, lakini nilipobonyeza kwa ukucha mpira haukuacha hata alama. Tatizo lake lilikuwa umri wa tairi, na alikuja kwangu kununua upana.

"Tairi pana linashika barabara zaidi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 200, pikipiki pamoja na wewe uliyekaa juu yake, na upepo ni psi 36, ambazo ni kama kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya. Unapata sentimita za mraba 80, kiganja kimoja cha mtu mzima. Hicho ndicho kipande cha mpira kinachogusa lami. Sasa weka tairi la 200 badala ya 170, mzigo uleule, upepo uleule: unarudi karibu na kiganja kilekile. Kinachobadilika ni umbo lake. Kwenye tairi pana kiganja kinalala kwa mapana, kwenye jembamba kinalala kwa marefu. Ugumu wa ubavu unaisogeza hesabu kidogo, lakini si kwa kiasi cha kukuokoa Kitonga. Kinachokuokoa ni mpira wenyewe: umetengenezwa kwa mchanganyiko gani, una umri gani, umepata joto au la, na upepo wake ukoje.

Na hapo nimekukubalia kwamba tairi limekaa kwenye rimu yake. Mara nyingi halikai. Tairi la 170/80-15 (upana milimita 170, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana huo, rimu ya kipenyo cha inchi 15) kwa kawaida hukaa kwenye rimu ya upana wa kama inchi 4, wakati la 200 linataka inchi 5.5 kwenda juu. Ukililazimisha kwenye rimu nyembamba, kingo zake zinabanwa kwa ndani na mgongo unachongoka kama yai lililosimama. Kila nusu inchi rimu inapopungua, tairi hupoteza kama milimita 5 za upana. Umelipia 200, umepata kama 185, tena yenye mgongo mkali ambao ukiwa wima unagusa lami kwa ukanda mwembamba kuliko 170 uliyoitoa.

Usiniamini mimi, chukua chaki. Paka tairi la nyuma mstari mnene kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, endesha moja kwa moja mita mia kwenye lami kavu, kisha shuka uangalie chaki imefutika wapi. Nimefanya hivi mbele ya wateja na pikipiki mbili, moja ina tairi lake halisi, nyingine imebanwa pana. Ile iliyobanwa ilifuta ukanda wa vidole viwili hivi katikati, na huku na huku chaki imebaki nyeupe kama ilivyopakwa. Mwenye nayo alichuchumaa akaitazama muda mrefu.

Kona nazo zina habari yake. Pikipiki inapolala, sehemu inayogusa lami huhama kutoka katikati ya tairi kwenda pembeni. Kadiri tairi lilivyo pana ndivyo inavyohama mbali zaidi, na ndivyo unavyolazimika kulaza pikipiki zaidi ili kukata kona ileile kwa mwendo uleule. Kwa hesabu yangu, kutoka 170 kwenda 240, kwenye kona ya nyuzi 30, unaongeza nyuzi kama 3. Kwenye pikipiki ya mashindano ni jambo dogo. Kruza ina vikanyagio vya chini vinavyoanza kukwaruza lami mapema, na hizo nyuzi 3 ndizo akiba uliyokuwa nayo wakati lori linakuja upande wako. Usukani nao unakuwa mzito: unausukuma, pikipiki inakawia kulala, halafu inataka kusimama yenyewe katikati ya kona.

"Inatulia zaidi safari ndefu"

Kwenye lami iliyonyooka na mpya, pengine. Barabara ya Morogoro ina mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori, na tairi pana linapanda kingo za ile mifereji na kuivuta pikipiki kushoto na kulia. Mvua ikinyesha, tairi pana ndilo linalowahi kuelea juu ya maji.

"Lakini viwandani wanaweka hata 240"

Wanaweka. Triumph waliiweka kwenye Rocket III mwaka 2004, Suzuki kwenye M109R mwaka 2006, Ducati kwenye Diavel mwaka 2011. Lakini walianza na tairi, wakajenga pikipiki kulizunguka: rimu ya upana wake, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ya upana wake, shafti (mhimili unaozungusha gurudumu la nyuma) au cheni iliyosogezwa pembeni, shokapu na pembe ya fooku (mikono inayoshika gurudumu la mbele) zilizopangwa upya. Diavel inakata kona vizuri kwa sababu tairi lake lilichorwa umbo maalumu kwa ajili yake. Wewe unataka kuchukua tokeo la kazi ya wahandisi wengi na kulichomeka kwenye swingamu ya 400 kwa mchana mmoja.

"Saga swingamu kidogo, litapita"

Hapana. Sitasaga, na fundi yeyote akikubali kusaga, ondoka na pikipiki yako. Mwaka jana mteja aliniletea kruza ya shafti iliyowekwa tairi la 190 kwenye gereji nyingine. Alikuwa anasikia harufu ya mpira akifika kilomita 100 kwa saa. Nilipoipandisha kwenye jeki, swingamu kwa ndani ilikuwa na unga mweusi wa mpira, na ubavu wa tairi una mstari unaong'aa kama umepigwa msasa. Sarafu ya shilingi 100 haikupita katikati. Tairi likipata joto na mwendo linatanuka, kwa hiyo nafasi uliyoipima gerejini siyo utakayokuwa nayo Chalinze. Mimi sikubali chini ya milimita 6 kila upande, baada ya kukaza cheni au mkanda mahali pake.

"Punguza upepo lilalie barabara"

Upepo mdogo unakunja ubavu, ubavu unachemka, tairi linaharibika kwa ndani usikokuona. Pima asubuhi kabla hujawasha injini, kila wiki, kwa kipimo chako mwenyewe. Nawauliza wateja wote wana kipimo. Wengi wana spika za muziki, kipimo hawana.

"Itakimbia zaidi"

Tairi pana ni zito, na injini ya 400 ndiyo inayolizungusha. Namba nayo inadanganya: 170/80-15 ina kipenyo cha milimita 653, 180/70-15 ina 633. Kama spidomita inasoma kwenye gia au gurudumu la nyuma, itakuonyesha mwendo mkubwa kwa asilimia 3 kuliko ulionao.

"Tairi la gari linadumu"

Linadumu kwa sababu mpira wake ni mgumu na uso wake ni bapa. Pikipiki hulala kwenye kona, gari halilali. Sifungi.

"Lina vinywele, kwa hiyo ni jipya"

Vile vinyuzi vya mpira vinavyochomoza kwenye tairi jipya vinabaki hata tairi likikaa dukani miaka minane. Soma DOT kabla hujatoa hela. Hakikisha pia namba ya mzigo haipungui ile ya tairi lililotoka kiwandani. 77, kwa mfano, ni kilo 412. Rimu ya spoki inayotumia tyubu, badilisha na tyubu, ya saizi hiyohiyo. Na usichanganye tairi la radial mbele (nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo) na la kawaida nyuma (nyuzi zake zimepishana).

Kijana wa Drag Star nilimfungia 170/80-15 ya mwaka huu. Nikamwambia uso wa tairi jipya unateleza mpaka ukwaruzike, aende taratibu kilomita 150 za kwanza, alaze kidogo kidogo, breki za nyuma kwa upole. Kitonga aiache mpaka mwezi ujao.