Dume anayenukia jike: nyoka wa Narcisse

Video ya shimo lililofurika nyoka huzunguka mitandaoni kila mwaka, na hakosi mtu wa kuapa kwamba imetengenezwa. Mashimo hayo yapo kweli. Yako Narcisse, jimbo la Manitoba, Kanada, na nyoka wenyewe ni Thamnophis sirtalis parietalis, nususpishi (tawi ndani ya spishi moja) yenye mistari ya manjano na madoa mekundu ubavuni. Hawana sumu ya kumdhuru mtu.

Kinachowakusanya ni baridi. Huko joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Nyoka akibaki juu, ameganda. Chini ya Narcisse kuna mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na nyufa zake hupita kina kinachofikiwa na barafu. Maficho ya namna hiyo ni machache, kwa hiyo nyoka huyafuata hata kutoka kilomita 20, wakiacha vinamasi wanakowinda vyura.

Mwishoni mwa Aprili madume hutangulia kutoka, kisha humvizia kila jike anayechomoza. Ngozi ya jike ina mafuta ambayo dume huyatambua kwa kuyaramba. Mtafiti Robert Mason na wenzake walichapisha kemia ya mafuta hayo mwaka 1989. Punde jike mmoja anafunikwa na madume kumi, ishirini, au zaidi, wamesokotana kama furushi la kamba.

Lakini mara nyingine aliye katikati ni dume! Dume aliyetoka shimoni karibuni hunukia kijike, na wenzake humparamia. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba anawapumbaza washindani wake. Mimi naafiki hoja ya mtafiti Richard Shine na wenzake ya mwaka 2001: anatafuta joto na kinga. Nyoka aliyepoa hutambaa kwa shida, na kunguru wa pale humtoboa, wakala ini, wakauacha mzoga. Katikati ya rundo hapati kudonolewa, na hupashwa joto bure. Baada ya siku moja au mbili harufu hiyo huisha, naye huanza kusaka majike.

Majike hawakawii. Wakishapandwa hurudi vinamasini, na mwisho wa kiangazi huzaa watoto hai, si mayai. Safari hiyo huvuka barabara namba 17, iliyokuwa ikiua nyoka kama 10,000 kwa mwaka kabla ya kuwekwa uzio na vivuko vya chini.

Ukibahatika kufika, nenda mapema Mei, mchana wa jua. Kukiwa na baridi hawatoki.