Lami nene peke yake haitoshi

Wengi huamini kwamba njia ya gari au maegesho yakiwa na lami nene, nyeusi na laini, basi mkandarasi ni wa kuaminika. Ni rahisi kuamini hivyo, maana uso ndio tunaouona.

Lakini uzito wa magari hubebwa zaidi na kilicho chini: udongo ulioshindiliwa, kisha tabaka la kokoto lililoshindiliwa nalo. Msingi ukiwa dhaifu au maji yakituama, hata lami nene hubonyea na kupasuka. Ndiyo maana mimi hutazama mteremko kwanza.

Mkataba utaje unene wa kokoto na wa lami baada ya kushindiliwa. Neno “baada” lina uzito wake, kwa kuwa lami ya moto hupungua unene mashine ikishaipitia. Kokoto zikishatandazwa na kushindiliwa, chimbua kidogo, upime mwenyewe kwa rula. Kazi ikiisha, mwaga ndoo ya maji uone yanakoelekea.

Kisha mwombe mkandarasi akuonyeshe kazi yake ya miaka 3 au 4 iliyopita, si ya juzi. Ukikuta nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba, mara nyingi tatizo liko chini.