Bastola halali ya Texas ni kosa New Jersey

Wengi ninaowafundisha usalama wa silaha hapa Texas ni ndugu zetu madereva wa malori, Wakenya, Watanzania na Wakongo. Karibu wote huniuliza: "Mwalimu, naweza kusafiri nayo?"

Marekani kila jimbo lina sheria zake za bunduki. Texas, tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa kisheria hubeba bastola bila kibali. Ukiingia New Jersey nayo kiunoni, tayari ni jinai. Jimbo hilo halitambui kibali cha jimbo jingine lolote, na unaweza kufungwa miaka mitatu na nusu kabla hata ya kufikiriwa kuachiliwa mapema. Kwetu wahamiaji kuna zaidi: hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grinkadi. Ndiyo maana nalirudia hili kila darasa. (Mwenye viza ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki kabisa, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni halali ya uwindaji.)

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda anayepita tu, akitoka na kwenda mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha hiyo. Lazima isiwe na risasi, na visifikike kwa urahisi, silaha wala risasi. Kabini ya lori haina buti, kwa hiyo vifungie kwenye kasha lenye kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakihesabiki, hata kikiwa na ufunguo.

Kutoa risasi nako kuna utaratibu. Toa magazini (kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) kwanza, ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, nyuma na kukagua chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Ukianza na slaidi, magazini itaingiza risasi nyingine na utadhani bastola ni tupu.

Nyumbani, Texas humshtaki mtu ambaye uzembe wake umempa mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kufikia bunduki yenye risasi. Michigan, tangu Februari 2024, palipo na watoto bunduki lazima ifungiwe. Mimi nashika ya Michigan ingawa naishi Texas: bastola kwenye kasiki, risasi kwenye kasha jingine, na funguo nakaa nazo mwenyewe. Droo ya kitandani mtoto wa miaka mitatu anaifungua.