Metformini haiui figo
"Dawa za sukari zinaua figo," huambiwa mgonjwa mpya hata kabla hajafungua pakiti ya metformini. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe: ikikaa juu miaka mingi huchakaza vichujio vidogo vya damu, hasa presha nayo ikipanda. Metformini, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957, hutolewa na figo kwenye mkojo bila kubadilika. Figo zikishachoka, dawa hujikusanya mwilini, ndipo daktari hupunguza dozi au kuisimamisha. Majirani wakiona hivyo, lawama zote kwa kidonge! Kuharisha na kichefuchefu, hayo ni malalamiko ya haki; kuimeza pamoja na chakula husaidia. Mwenye wasiwasi aombe kupimwa kriatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), asiache dawa kimyakimya.