La Baule kwa hema: likizo ya gari bila kulipia jina la mji

Watu wengi wakisikia La Baule wanafikiria kasino na hoteli za wenye hela, wanafunga ukurasa hapo hapo. Mimi kazi yangu ni kuwapangia familia za kwetu hapa Uingereza safari za gari, na huo ndio mji wa Ufaransa ninaoupigia debe kuliko yote, kwa sababu kilicho ghali pale ni kitanda na sahani, mchanga ni bure. Ghuba ina karibu kilomita 9 za ufukwe kuanzia Pornichet mpaka Le Pouliguen, na sheria ya pwani ya mwaka 1986 inasema ufukwe ni wa wote, wenye biashara ya viti na miavuli wanapewa vipande tu na sehemu kubwa lazima ibaki wazi. Aliyelala hotelini na aliyelala kwenye hema wanatandika taulo mchanga ule ule.

Sasa mipango. Wengi wanaanza na feri kwa sababu wameona ofa. Hapana jamani, anza na pasipoti. Kama una ya Kenya au Tanzania, hata kibali chako cha kuishi Uingereza kiwe cha kudumu, unahitaji viza ya Schengen, ndiyo inayokuingiza Ufaransa, na nyumba zetu nyingi ziko hivyo, watoto wana pasipoti ya Uingereza, mama ana ya Kenya, kila mtu anadhani wanapita pamoja. Ada ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Maombi yanaanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari na miadi ya kiangazi inagombaniwa kweli kweli kwa hiyo usingoje. Wanataka bima ya afya ya angalau euro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala, ndio maana nasema buku kwanza nafasi ya hema, ile unayoweza kufuta bila kupoteza hela, karatasi iwe na majina yenu wote na tarehe zote, halafu viza, feri baadaye.

Tarehe ndiyo inayoamua bei kuliko kitu kingine chochote. Kati ya Julai 14 na Agosti 15 Wafaransa wenyewe wanahamia baharini, na huduma yao ya taarifa za barabara, Bison Futé, inazipaka siku rangi, kijani kwa barabara nyepesi mpaka nyeusi kwa foleni mbaya kabisa, na Jumamosi nyeusi usiiguse. Kambi nyingi msimu huo zinapangisha nyumba zao ndogo Jumamosi hadi Jumamosi tu, ila mwenye hema mara nyingi anapewa kuingia Jumatatu au Jumanne, faida hiyo itumie. Wiki ya mwisho ya Agosti mimi naipenda sana, Wafaransa wanarudi kujiandaa na shule inayofunguliwa mwanzoni mwa Septemba, shule za England bado zimefungwa, bei inashuka na bahari iko kwenye nyuzi 18 hadi 20, ambayo kwa mtu wa Mombasa ni baridi, tusidanganyane.

Njia: feri ya usiku Portsmouth hadi Saint-Malo, asubuhi unaendesha kupitia Rennes, Nantes, Saint-Nazaire, umefika kabla ya saa ya chakula cha mchana, na barabara zote hizo hazina ushuru. Treni ya chini ya bahari Folkestone hadi Calais ni dakika 35 tu lakini mbele yako kuna zaidi ya kilomita 600, kuna ushuru, na barabara ya A13 siku hizi haina vizuizi, kamera inapiga picha namba yako na una saa 72 za kulipa mtandaoni, ukisahau faini inakufuata. Kwenye gari weka vizibao vya kung'aa, pembetatu, stika za taa za mbele zisiwapofushe wanaokuja, na herufi UK nyuma.

Chakula: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka Uingereza, hata sambusa za kima. Unga na mchele beba. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, kwa hiyo nazi ya wali inapita bila shida! Jiko la mkaa kambi nyingi zinakataza kwa sababu ya misonobari na moto, uliza kama kuna sehemu ya kuchomea nyama.

Umeme nao unasumbua wengi. Nafasi ya ampea 6 inakupa wati kama 1,380 tu, na birika la Uingereza linakula mpaka 3,000, ukiliwasha umezima kila kitu. Omba ampea 10, nunua birika dogo la kambi, na uliza kama utahitaji plagi ya bluu ya kambini badala ya ile ya nyumbani.

Kina mama wanaoogelea wamejifunika: ufukweni hakuna tatizo, Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa, lilisimamisha marufuku ya mavazi hayo iliyowekwa na mji mmoja wa kusini mwaka 2016, lakini bwawa la kambi lina kanuni zake, nyingi zinataka nguo ya kubana, hata wanaume kaptura pana hazikubaliwi. Andikia kambi kabla hujalipa.

Na kama La Baule yenyewe imejaa, tafuta upande wa Guérande au Mesquer, unaendesha dakika chache kwenda baharini, na chumvi ya Guérande unainunua barabarani kwa wavunaji wenyewe. Beba vigingi virefu vya hema, vile vifupi vinavyokuja na hema havishiki upepo wa Atlantiki.