Saratani na hadithi ya kuongeza kinga
Ukiketi kwenye matatu jijini Nairobi ukisubiri ijae, huchelewi kumsikia muuzaji akinadi unga wa mizizi: saratani huja kinga ikishuka, basi iongeze, ugonjwa utakwisha. Imani hii ni ya miaka mingi, na si ya wachuuzi pekee.

Ina chembe ya ukweli. Wenye virusi vya Ukimwi wasiotumia dawa hupata zaidi baadhi ya saratani, kama ile ya Kaposi. Lakini wagonjwa wengi wa saratani kinga yao haikuwa na upungufu wowote. Tatizo ni kwamba seli ya saratani ni ya mwili wenyewe, imeasi tu, na askari wa kinga huipita wakidhani ni mwenyeji.

Ndiyo maana tiba ya saratani iitwayo CAR-T haiongezi kinga kiholela, bali huifunza. Seli T, ambazo ni miongoni mwa askari hao wa kinga, huchujwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa, hutiwa jeni mpya maabarani ili zitambue alama zilizo juu ya seli za saratani, kama CD19, huzalishwa kwa wingi, kisha hurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2017, kwa watoto na vijana wenye aina moja ya saratani ya damu. Kwa saratani za uvimbe, kama ya matiti, bado haijafua dafu.

Na hatari yake kubwa? Kinga kuwaka kupita kiasi! Emily Whitehead, mtoto wa kwanza mwenye saratani hiyo ya damu kutibiwa hivyo, mwaka 2012, nusura afe kwa homa kali. Aliokolewa na tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga.